Mwenye Uwanja wa Mnada

Mtu aliyepata kusimama penye mnada wa mifugo anajua kwamba mnunuzi humfungua ng'ombe kinywa na kumtazama meno kabla ya kutaja bei. Dalali yu mbele yake, mwenye mali yu kando, na ukizuka udanganyifu, wa kuulizwa hawako mbali. Mashaka makubwa yalianza pale mnada ulipotoka uwanjani ukaingia katika tarakilishi.

Mwezi wa Septemba 1995, huko California katika Marekani, Pierre Omidyar alianzisha mnada katika mtandao wa intaneti, ambao baadaye uliitwa eBay. Muuzaji na mnunuzi hawakuonana. Mnunuzi aliona picha na maneno, akapeleka fedha, akangojea posta. Ili watu waaminiane, mwaka 1996 Omidyar aliwapa njia ya kuandika sifa au lawama za kila waliyefanya naye biashara, kwa kuwa aliamini kwamba watu wengi ni wema. Naam, wengi walikuwa wema. Lakini mlaghai naye anajua kujikusanyia sifa.

Mwezi wa Mei 2000 picha moja ya rangi ilitiwa mnadani kwa senti 25 za Marekani. Muuzaji alijifanya mtu wa kawaida asiyejua sanaa: alisema mkewe hakutaka picha ile nyumbani, na kwamba mtoto wake aliitoboa kwa kibaiskeli chake. Pembeni zilionekana herufi za mwanzo za jina la Richard Diebenkorn, mchoraji mashuhuri wa California aliyefariki mwaka 1993. Wanunuzi walidhani wamemkuta mjinga mwenye hazina. Bei ilipanda hata ikafika dola 135,805! Kumbe muuzaji alikuwa wakili, hakuwa na mke wala mtoto, naye alikuwa ametaja bei katika mali yake mwenyewe kwa jina jingine. Kwa sababu hiyo eBay iliufuta mnada, na mwaka uliofuata wakili huyo alikiri kosa lake mahakamani.

Katika kisa hiki jibu ni jepesi: mwenye hila ndiye mwenye kosa. Walakini mlaghai aghalabu hapatikani, au akipatikana hana kitu cha kulipa. Ndipo waliodhulumiwa walipomgeukia mwenye uwanja, wakisema, "Wewe ulipokea sehemu yako katika kila mauzo, basi tulipe."

Watu kadhaa walikuwa wamenunua vitu vya michezo vilivyotiwa sahihi za wachezaji maarufu, nazo sahihi zilikuwa za kughushi. Waliishtaki eBay katika California, lakini mwaka 2002 mahakama ya rufani iliwakatalia. Ilisema kwamba eBay siyo iliyouza vitu vile, na tena kwamba sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inamkinga mwenye mtandao asihesabiwe kuwa ndiye msemaji wa maneno yaliyoandikwa humo na wengine. Wanunuzi wale wakabaki na hasara yao.

Baadaye alikuja mshtaki mwenye nguvu zaidi. Mwaka 2004 kampuni ya Tiffany ya New York, wauzaji wa vito, iliishtaki eBay baada ya kununua humo vitu vya fedha vyenye jina lake na kukuta karibu robo tatu ni vya bandia. eBay ilijibu kwamba kila ilipoarifiwa juu ya tangazo fulani, ililiondoa. Mwaka 2008 jaji aliipa eBay haki, na mwaka 2010 mahakama ya rufani ikakubaliana naye katika jambo hili: kujua kwa jumla kwamba sokoni mna wadanganyifu hakutoshi, sharti mwenye soko ajue ni bidhaa ipi.

Hukumu hiyo ina mantiki yake, maana nani awezaye kukagua mamilioni ya vitu asivyovishika? Hata hivyo mimi naona iliuweka mzigo wa ulinzi begani mwa aliyeibiwa. Tiffany ilikuwa na wanasheria na watumishi wa kupekua matangazo kutwa. Mnunuzi wa pete moja hakuwa nao.

Ulaya ilishika njia nyingine. Katika kesi ya kampuni ya L'Oréal, mwezi wa Julai 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mwenye soko akimsaidia muuzaji kuipamba bidhaa au kuitangaza, hawezi tena kujificha nyuma ya kinga ya mtu asiyehusika. Na hata asipofanya hivyo, kinga itamtoka ikiwa alijua mambo ambayo mfanyabiashara mwangalifu angeyatilia shaka, naye asichukue hatua upesi.

Marekani nayo ilisogea, ingawa polepole. Tangu mwezi wa Juni 2023, masoko ya mtandaoni hayana budi kuhakikisha jina, akaunti ya benki na namba ya kodi ya muuzaji wa bidhaa mpya ambaye, katika miezi 12, amefanya mauzo 200 au zaidi yenye thamani ya dola 5,000 au zaidi. Muuzaji wa picha moja kuukuu yenye tundu, kama yule wakili, sheria hiyo haimgusi.