Nyumba mpya, bustani na turathi: uzi kutoka Bondeni

Msimu wa siasa ukikaribia, Mombasa huwa tunaletewa picha ileile: maghorofa meupe, miti ya kijani, mtoto kwenye baiskeli, na chini yake ahadi kwamba turathi zitalindwa. Halafu tunagawanyika. Huku "maendeleo", kule "mnatufukuza". Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa, nyumbani ni Bondeni, na nimechoka kuona tukibishania picha. Hebu turudi nyuma kidogo. Sitataja mwanasiasa wala chama, msinivute huko.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawalielewi kuhusu kisiwa hiki: mtu anaweza kuwa na nyumba na asiwe na ardhi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati za ardhi huku Pwani. Mwenye madai alitakiwa ajitokeze aandikishe. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Waliozoea karatasi na mahakama wakapata hati. Wengine wakabaki kupanga kiwanja: unajenga nyumba yako ya Kiswahili, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, chumba kimoja au viwili unapangisha, na mwenye ardhi unamlipa kodi yake. Majengo ilijaa kwa mtindo huo, na huku kwetu nyumba nyingi ni hivyo hivyo. Nyanya yangu anayo moja. Ukuta wake, bati lake, mchanga ulio chini si wake.

Sasa ongeza bandari. Wafanyakazi wakaja kwa wingi, vyumba vikawa haba, kodi ikapanda. Mgomo wa 1939 haukuwa wa mshahara peke yake. Posho ya nyumba ilikuwa kwenye madai. Serikali ikaunda Tume ya Willan kuchunguza. Januari 1947 watu kama 15,000 wakagoma tena, mji ukasimama karibu wiki mbili. Kati ya migomo hiyo na uhuru ndipo ilipojengwa mitaa ya kupangisha kama Tononoka, Changamwe na Buxton. Kwa hivyo mtu akikwambia nyumba za serikali zilikuwa zawadi ya mkoloni, mwambie zilidaiwa barabarani.

Ugatuzi ulipokuja, kaunti ikarithi mitaa hiyo ikiwa imechakaa. Ukafanywa mpango wa kuibomoa na kuijenga upya pamoja na wawekezaji binafsi, kesi zikaenda mahakamani, na Buxton ikawa ya kwanza kuvunjwa. Nyumba zaidi ya 500 zikaondoka ili zije zaidi ya 1,800, za kuuzwa. Kila mpangaji alipewa Sh240,000 akatafute pa kuishi. Hesabu ya nyumba inavutia, sikatai. Lakini angalia neno lililobadilika hapo: zile za zamani zilikuwa za kupangisha, hizi ni za kununua. Mtu aliyekuwa akilipa kodi ya manispaa miaka 30 hageuki mnunuzi kwa sababu jengo limekuwa refu. Kwenye mijadala neno hilo hupita kama halipo.

Na fidia ile ilikuwa ya wapangaji wa kaunti, ambao majina yao yako kwenye daftari. Mpango kama huo ukija Bondeni, nani atahesabiwa? Mwenye ardhi ana hati. Nyanya ana ukuta. Aliyepanga chumba kwa nyanya hana hata karatasi. Hawa ni watu watatu chini ya paa moja, na kwenye hotuba wote wanaitwa "wakazi".

Bustani nitasema kwa ufupi. Nyasi zilizo ndani ya lango lenye mlinzi si bustani ya umma, hata zikipakwa kijani kwenye mchoro. Makadara ni ya umma: sikukuu ya Idi watoto hujaa pale na hakuna anayewauliza wanaishi nyumba namba ngapi. Basi mkionyeshwa mchoro, ulizeni kipande hicho cha bustani kitaandikwa kwa jina la nani.

Turathi ndipo mimi mwenyewe nimebadilisha mawazo. Mji wa Kale ulipata mpango wake wa uhifadhi mwaka 1990, kazi ya Makumbusho ya Kitaifa pamoja na UNDP na UNESCO, na Fort Jesus ikaingia kwenye Urithi wa Dunia 2011. Vizuri. Zamani nilidhani shida ni kwamba sheria hazifuatwi tu, maanake maghorofa yamechomoza mle ndani na sote tunayaona. Siku hizi naona shida nyingine. Milango ya kuchonga na roshani ndizo zimehesabiwa kuwa historia. Nyumba ya udongo na bati ya Majengo, ambamo kuli aliyegoma 1947 alilala, haimo. Ikivunjwa kesho hakuna atakayeandika barua.

Sisemi zisiguswe. Choo cha nyanya kiko nje na mvua ikinyesha tunatega ndoo ukumbini. Yeye mwenyewe anataka nyumba nzuri. Anachouliza ni kama atarudi.

Katiba inampa haki ya makazi bora, kifungu cha 43, na ushirikishwaji wa wananchi uko kifungu cha 10. Lakini ukifika kwenye kikao utaulizwa ushahidi. Nyanya anao kwenye kopo la biskuti: stakabadhi za kodi ya kiwanja, nyingine zimeliwa na mende. Jana usiku nimezipiga picha zote. Kama kwenu ziko, fanyeni hivyo kabla mkutano haujaitishwa.