Kidhibiti cha MVC: Jina la Mwaka 1979 Linalozozaniwa Hadi Leo

Kidhibiti, ile sehemu ya programu ya tovuti inayopokea ombi la mtumiaji na kuamua lishughulikiwe wapi, kilipata jina lake katika waraka mfupi wa Desemba 10, 1979. Mwandishi wake, Trygve Reenskaug wa Norwei, alifariki Juni 2024. Maelezo aliyoyaacha kuhusu kazi hiyo yanastahili kurudiwa, kwa sababu lengo lake limesahauliwa na wengi wanaolitumia jina hilo kila siku.

Reenskaug alitokea kwenye ujenzi wa meli. Alikuwa mmoja wa waasisi wa Autokon, programu ya kubuni meli iliyoanza kutumika mwaka 1963 katika karakana ya Stord. Alipokwenda Marekani mwaka 1978 kama mgeni katika kituo cha utafiti cha Xerox PARC, California, alikuwa na swali la karakana: mpangaji wa kazi mwenye taarifa nyingi zinazotegemeana atawezaje kuzitazama kwa sura tofauti na kuzibadilisha mwenyewe, bila kupotea ndani ya kompyuta?

Jibu la kwanza, la Mei 12, 1979, lilikuwa na sehemu nne: kitu chenyewe, modeli, mwonekano na kihariri. Yakafuata majadiliano marefu ya majina, hasa kati yake na Adele Goldberg wa kundi la lugha ya programu ya Smalltalk. Kilichobaki mwishoni ni modeli, mwonekano na kidhibiti (Model-View-Controller, yaani MVC). Waraka wa Desemba ulichora mpaka kwa ukali: kidhibiti ni kiungo kati ya mtumiaji na mfumo, mwonekano usijue lolote kuhusu kibodi wala puku, na kidhibiti nacho kisijitwalie kazi ya kuonyesha. Mpaka huo ndio urithi mkubwa wa Reenskaug, kuliko hata majina yenyewe.

Smalltalk-80 ilikifanya kidhibiti kuwa msikilizaji wa puku na kibodi. Tovuti zilipokuja, kazi hiyo ikachukuliwa na kivinjari, nacho kidhibiti kikahamia kwenye seva. Mwaka 2000 Craig McClanahan alianzisha fremuweki ya Struts kwa lugha ya Java, ambamo maombi yote yalipita lango moja na kugawanywa kwa maelekezo ya faili la XML.

Fremuweki ya Ruby on Rails, iliyotolewa na David Heinemeier Hansson mwaka 2004, ililiondoa faili hilo na kuligeuza jina kuwa sheria. Anwani /orders/show/5 ilikwenda moja kwa moja kwenye klasi OrdersController, iliyo ndani ya faili orders_controller.rb, na kuita kitendo show. Mpangilio huo uliokoa muda mwingi. Lakini kwa kuwa kuongeza kitendo kulikuwa rahisi mno, vidhibiti vikavimba: kuagiza, kufuta, kulipa, kuingia na kutoka, vyote vikarundikwa chini ya jina moja.

Mwaka 2006, kwenye mkutano wa RailsConf mjini Chicago, Heinemeier Hansson alipendekeza dawa. Akitumia mawazo ya REST, mtindo wa kubuni mifumo ya wavuti ambao Roy Fielding aliueleza katika tasnifu yake ya mwaka 2000, alitaka kila kidhibiti kisimamie rasilimali moja kwa vitendo 7 tu: index, show, new, edit, create, update na destroy. Kitendo kisichoingia humo ni dalili kwamba kuna rasilimali ambayo bado haijapewa jina. Mtu akijiunga na kikundi, kinachoundwa ni uanachama. Basi kazi hiyo ni ya kitendo create ndani ya MembershipsController, na si kitendo kipya cha kikundi. Kuingia kwenye akaunti nako kukawa kuunda kikao, ndani ya SessionsController. Wapinzani walilalamika kwamba kazi nyingine ni matendo tu, na kuzilazimisha ziwe nomino kunapotosha maana. Malalamiko hayo yana uzito, lakini nidhamu hiyo imezuia fujo nyingi kuliko ilizoleta. Oktoba mwaka huohuo mwanaprogramu Jamis Buck alihimiza vidhibiti viwe vyembamba na sheria za biashara zihamie kwenye modeli.

Wengine walikwenda njia zao. Django, iliyotokea kwenye gazeti la Lawrence, Kansas, na kutolewa mwaka 2005, huiita kazi ya kidhibiti mwonekano na kusema kidhibiti ni fremuweki yenyewe. Hata majina ya vidhibiti hutofautiana: Rails hutumia wingi hata pale rasilimali ilipo moja. Mwongozo wa fremuweki ya Laravel hutumia umoja, kama PhotoController. Leo vidhibiti vingi hurudisha data ya JSON tu, na kazi ya kuonyesha imehamia kwenye kivinjari.

Kinachosikitisha ni kwamba wanafunzi wengi hufundishwa amri ya kuunda kidhibiti bila kuelezwa mpaka wake. Walimu wa programu wauweke waraka wa Desemba 1979 kwenye somo la kwanza la MVC, kabla mwanafunzi hajaandika klasi yake ya kwanza.