Siku 381 za Matangazo

Aliyekulia kanisani anakijua kipindi cha matangazo. Mahubiri yamekwisha, jua limepanda, watoto wameanza kulia njaa, ndipo mzee wa kanisa anasimama na karatasi yake. Mazoezi ya kwaya ni Jumamosi saa nane. Kuna msiba kwa mama fulani, kina mama wakutane pale kesho. Mchango wa mabati umefikia kiasi hiki, kimebaki kiasi hiki. Ndoa hii inatangazwa kwa mara ya pili, mwenye pingamizi aseme. Vijana wengi hutumia dakika hizo kuchungulia simu. Wanahistoria nao huenda kwenye kumbukumbu za makanisa wakitafuta mahubiri makubwa, na karatasi za matangazo huzifunua haraka haraka.

Mimi nadhani karatasi hizo zinastahili kusomwa taratibu. Kisa kinachonishawishi ni cha makanisa machache ya Kibaptisti katika mji wa Montgomery, jimbo la Alabama, Marekani, kati ya Desemba 1955 na Desemba 1956. Kisa chenyewe kinajulikana: Rosa Parks alikataa kumpisha Mzungu kiti ndani ya basi, akakamatwa, watu weusi wakayasusia mabasi, na mchungaji kijana aitwaye Martin Luther King akatokea kuwa sauti yao. Kisichosimuliwa sana ni jinsi watu wapatao elfu hamsini, wasio na redio yao wala gazeti la kila siku la kwao, walivyopeana habari kwa siku 381 bila kutawanyika.

Tuanze na makanisa yenyewe. Mwaka 1877, kundi la waumini lilijitenga na kanisa la First Baptist la watu weusi likaanza ibada zake katika jengo ambalo zamani lilikuwa zizi la mfanyabiashara wa watumwa. Baadaye walijenga kanisa la matofali kwenye barabara ya Dexter, hatua chache kutoka makao ya serikali ya jimbo, mahali ambapo mwaka 1861 Jefferson Davis aliapishwa kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. First Baptist nalo liliungua, likajengwa upya miaka ya 1910. Mchungaji wake aliwaambia waumini kila mmoja alete tofali moja kila siku, na hadi leo linaitwa kanisa la tofali moja kwa siku. Hebu fikiria matangazo ya miaka ile: matofali yamefika mangapi, nani hajaonekana wiki hii, nani anaumwa. Watu waliokuwa wakisomewa hesabu ya matofali walikuwa wakizoea kuwa na hesabu ya pamoja.

King alipofika Dexter mwaka 1954, akiwa na miaka 25, moja ya kazi zake za kwanza haikuwa hotuba. Ilikuwa orodha ya mapendekezo ya kupanga kanisa. Waumini wagawanywe katika vikundi kumi na viwili kufuata mwezi wa kuzaliwa, ili asiwepo mtu asiye na kikundi. Iundwe kamati ya masuala ya jamii na siasa, itakayowakumbusha waumini kujiandikisha kupiga kura na kujiunga na chama cha NAACP, kilichopigania haki za watu weusi. Ukisoma mapendekezo hayo utadhani ni kumbukumbu za kikao cha kamati yoyote ya kanisa: wajumbe, wenyeviti, michango. Ndani ya kamati hiyo alikuwemo Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo cha Alabama State na kiongozi wa Baraza la Kisiasa la Wanawake. Baraza hilo lilianzishwa mwaka 1946 na mwalimu mwenzake, Mary Fair Burks, naye muumini wa Dexter.

Parks alikamatwa Alhamisi, tarehe 1 Desemba 1955. Usiku huohuo Robinson, mwalimu mwenzake mmoja na wanafunzi wawili waliingia chuoni wakatumia mashine ya kurudufu mpaka alfajiri. Walitoa makumi ya maelfu ya vipeperushi vilivyomwomba kila mtu mweusi asipande basi siku ya Jumatatu. Ijumaa jioni viongozi wakakutana chini ya kanisa la Dexter. Wakakubaliana na wito ule, wakaandika kipeperushi kifupi zaidi, wakaongeza jambo moja: Jumatatu saa moja usiku kutakuwa na mkutano katika kanisa la Holt Street Baptist. Jumamosi wanawake na vijana walivisambaza kwa mkono, na Jumapili tarehe 4 wachungaji wakalisoma tangazo hilo mimbarini, pamoja na mengine.

Jumapili hiyohiyo gazeti la Montgomery Advertiser lilichapisha habari ya mgomo ukurasa wa mbele. Mwandishi wake alikuwa amedokezwa na E. D. Nixon, mwanaharakati mkongwe wa mji. Hivyo aliyekosa kipeperushi na akakosa ibada, gazeti la Wazungu likamfikishia. Asubuhi ya Jumatatu mabasi yalipita karibu matupu. Jioni Holt Street lilijaa hadi maelfu wakabaki nje wakisikiliza kwa vipaza sauti.

Tangazo moja likifanikiwa linaweza kuwa bahati. Mtihani wenyewe ulikuja Januari. Jumamosi tarehe 21, utawala wa mji ulidai umefikia mapatano na wachungaji watatu weusi, na kwamba mgomo umekwisha. Habari ilikuwa tayari kutoka katika gazeti la Jumapili. Carl Rowan, mwandishi mweusi aliyefanya kazi Minneapolis, aliiona kwenye mitambo ya shirika la habari akampigia King simu kuuliza. King hakujua lolote. Rowan akamhoji kiongozi mmoja wa mji, ambaye alikataa kutaja majina ya wachungaji hao lakini akataja madhehebu yao. Hilo lilitosha. Katika mji ambao watu wanajua nani anachunga wapi, madhehebu ni sawa na jina. Hakuna hata mmoja kati ya watatu aliyekuwa katika uongozi wa mgomo, na baadaye walikana kwamba walikubali mapatano yoyote.

Usiku ule viongozi waligawana kazi. Wengine walikaa kwenye simu kuwaarifu wachungaji, ili kila mimbari itangaze asubuhi kwamba habari ni ya uongo. King na wenzake wakaingia kwenye baa na kumbi za muziki, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia wale ambao asubuhi wasingekuwa kanisani. Gazeti lilitoka kama lilivyopangwa, na mabasi yakabaki matupu.

Hapa ndipo swali langu lilipo. Kwa nini watu waliamini tangazo wakakataa gazeti? Jibu jepesi ni kwamba walimwamini King. Lakini King alikuwa mgeni wa mwaka mmoja na nusu. Nadhani waliamini kwa sababu mahali palepale waliposikia kwamba mgomo unaendelea, ndipo walipokuwa wamesikia kwa miaka mingi nani amefiwa, nani ametoa kiasi gani, na fedha zimetumikaje. Habari hizo ndogo zinaweza kukaguliwa. Ukitangaziwa kwamba mazishi ni saa tisa na ukayakuta saa tisa, umeongeza tone la imani kwenye mtungi. Siku uongo mkubwa ulipokuja, mtungi ulikuwa umejaa.

Mikutano ya mgomo, mara mbili kwa wiki, ikizunguka kutoka kanisa hadi kanisa, ilifuata mpangilio huohuo. Kulikuwa na nyimbo, sala, neno, kisha taarifa. Madereva wa kujitolea wapo wangapi, vituo vya kuchukulia abiria viko wapi, petroli imegharimu nini. Magari aina ya stesheni wagoni yalinunuliwa na kuandikishwa kwa majina ya makanisa, na jina la kanisa likachorwa ubavuni. Watu wakayaita makanisa yenye magurudumu.

Katika taarifa hizo alisimama pia Georgia Gilmore, mpishi, muumini wa Holt Street. Yeye na wanawake wenzake walipika kuku, keki na maandazi ya matunda, wakauza mitaani, saluni na ofisini, hata kwa Wazungu wasiojua fedha zinakwenda wapi. Kikundi chake kilijiita Klabu ya Kutoka Pasipojulikana. Akiulizwa fedha zimetoka wapi, jina lilikuwa jibu tosha, maana mpishi aliyejulikana anachangia mgomo angefukuzwa kazi. Gilmore mwenyewe alipoteza kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani mwaka 1956. Kila mkutano alitangaza kiasi kilichopatikana, na wanawake wa upande mwingine wa mji wakaunda klabu yao kushindana naye. Anayejua kina mama wa kanisa na harambee zao hahitaji kuelezwa ukumbi ulivyolipuka kwa shangwe.

Lakini karatasi ya matangazo ina mwandishi, na mwandishi huchagua. Kipeperushi cha Robinson hakikuwa na jina lake, kwa kuwa angeweza kuhatarisha kazi yake na chuo chenyewe, kilichotegemea fedha za jimbo. Tangu Juni 1956 alihariri jarida la habari la mgomo, wakati mimbarini walisimama wanaume. Na miezi tisa kabla ya Parks, tarehe 2 Machi 1955, Claudette Colvin, msichana wa miaka 15 na muumini wa Hutchinson Street Baptist, alikamatwa kwa kosa lilelile. Mchungaji wake alikwenda kumtoa rumande. Viongozi walimpima, wakaona hafai kuwa uso wa mapambano: alikuwa mdogo, wa familia maskini, na kiangazi kile akapata ujauzito. Jina lake halikusomwa kama lilivyosomwa la Parks. Hata hivyo, kesi ya Browder dhidi ya Gayle, iliyovunja ubaguzi ndani ya mabasi hayo, ilikuwa na wadai wanne wanawake, na Colvin alikuwa mmoja wao. Jumuiya inayojua habari za kila mtu inaweza pia kuamua habari za nani ziachwe. Sifa na lawama hizo zinatoka kwenye karatasi moja.

Tarehe 13 Novemba 1956 mahakama ya jimbo ilikuwa ikisikiliza ombi la mji la kuyapiga marufuku magari ya mgomo. Siku hiyohiyo ikaja habari kwamba Mahakama Kuu ya Marekani imekubali hukumu ya kesi ya wanawake wale. Magari yakasimamishwa, lakini watu walitembea kwa miguu zaidi ya mwezi, wakisubiri amri iwafikie rasmi. Walirudi kwenye mabasi tarehe 21 Desemba. Tarehe 10 Januari 1957 mabomu yalilipuka katika makanisa manne ya Kibaptisti: First Baptist, Bell Street, Mount Olive na Hutchinson Street. Waliolipua walijua wanalipua nini. Mji wenye mtandao wa simu haukatiwi simu, hukatwa nyaya. Montgomery nyaya zilikuwa na mabenchi na madirisha ya vioo.

Nyaya hizo zilifika mbali. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka Marekani akitafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kenya, akamwomba King msaada, na Dexter likawa miongoni mwa waliochangia gharama za mwanafunzi Mkenya katika chuo cha Tuskegee. Nairobi kulikuwa bado na gavana wa Kiingereza. Jina la kijana wa Kenya lilikuwa limeingia kwenye hesabu za kanisa la Alabama, katika mstari mmoja na mkaa wa kupasha joto na maua ya madhabahu.

Sisi leo habari inatufikia kabla hatujaiuliza, na kikundi kimoja cha WhatsApp kina watu wengi kuliko washirika wa Dexter wote. Tunachokosa ni yule mtu mwenye karatasi, ambaye wiki ijayo atasimama tena mahali palepale, mbele ya watu walewale, na kuulizwa zile fedha za mabati zimefikia wapi.