Bao: Jinsi ya kupanga kete, kula kwa mkupuo mmoja na kukwepa kufungwa mkononi

Mwanza, Sengerema, Ukerewe au Musoma, ukikuta watu wameinamia ubao wenye mashimo chini ya mwembe, usidhani wanapoteza muda. Hapo kuna hesabu nzito. Mmoja anaweza kuweka kete moja tu, mkono ukazunguka ubao mzima, na mwenzake akabaki anatazama mashimo matupu.

Vijana wengi wanajua karata na drafti, lakini bao wanaliangalia kwa mbali. Wanasema ni mchezo wa wazee. Shida si umri, ni kwamba hakuna aliyewaeleza linavyofanya kazi.

Kama unacheza karata za kwenye simu, mfano Yu-Gi-Oh! au Magic: The Gathering, fikra ya bao si ngeni kwako. Kwenye michezo hiyo, karata iliyokufa huenda makaburini, na wajanja hupanga seti nzima ya karata kwa lengo la kuzifufua. Moja inaita nyingine, nyingine inaita ya tatu, mpaka mpinzani anakwama.

Bao lina akili hiyohiyo na halihitaji bando. Kwenye drafti, kete ikiliwa inatoka nje. Kwenye bao, kete ikiliwa haifi. Inahamia upande wa aliyekula, inaanza kumfanyia kazi, na kesho inaweza kuliwa tena ikarudi kwako. Kete 64 zinazoanza mchezo ndizo 64 zinazoumaliza.

Ubao ukoje

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu nne za mashimo manane. Safu mbili ni zako, mbili za mwenzako. Kila mmoja ana kete 32, ambazo mara nyingi ni mbegu za komwe.

Haya ni majina ya kuyashika kabla hujakaa:

• Kichwa: shimo la mwisho la safu ya mbele, kulia na kushoto.
• Kimbi: kichwa pamoja na shimo linalofuata. Kwa hiyo shimo la 1 na la 2 ni kimbi cha kushoto, la 7 na la 8 ni kimbi cha kulia.
• Nyumba: shimo la 5 la safu ya mbele ukihesabu kutoka kushoto kwako. Kwenye ubao mara nyingi huchongwa la mraba.
• Safu ya nyuma: ghala lako. Kete zilizo huku haziliwi.

Mchezo unaanza ukiwa na kete 6 kwenye nyumba, 2 kwenye shimo la 6 na 2 kwenye shimo la 7. Zilizobaki 22 unazishika mkononi. Hatua hii ya kuziingiza moja moja inaitwa kunamua.

Kula kunaendaje

Kwa kila zamu unatia kete moja kwenye shimo lako la mbele ambalo tayari lina kete. Kama shimo la mpinzani linalotazamana nalo lina kete, umekula. Unazichukua zote na kuzisambaza upande wako, moja kila shimo, kuanzia kichwani.

Kama umekulia katikati, unachagua kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto. Kama umekulia kwenye kimbi, huna hiari: unaanzia kichwa cha upande huo.

Kete ya mwisho ndiyo inayoamua:

• Ikiangukia shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako.
• Ikiangukia shimo la mbele lenye kete, na mkabala wake kuna kete, unakula tena.
• Ikiangukia shimo lenye kete lakini hakuna cha kula, unazoa zote zilizomo na kuendelea kusambaza kuelekea upande uleule.

Kama cha kula kipo, lazima ule. Kama hakipo, unatakata, yaani unasambaza bila kula. Zamu iliyoanza kwa kutakata haigeuki kuwa ya kula, hata kete ya mwisho ikiangukia pazuri namna gani.

Mfano: kete moja inakula tisa

Chukua ubao ufuate kwa mkono. Safu yako ya mbele ina kete 2 kwenye shimo la 3, kete 7 kwenye nyumba, na kete 1 kwenye shimo la 6. Mengine ya mbele ni matupu. Mpinzani ana kete 2 mkabala na shimo lako la 3, kete 3 mkabala na la 6, na kete 4 mkabala na la 7. Mkabala na shimo lako la 2 na nyumba yako hana kitu.

Unanamua kwenye shimo la 6. Unakula 3. Sasa unachagua kichwa.

Ukianzia kulia: kete zinaanguka shimo la 8, la 7, la 6. Mkabala na la 6 umeshasafisha, kwa hiyo unazoa kete 3 zilizomo na kuendelea: la 5, la 4, la 3. Pale kwenye la 3 una kete na mwenzako ana 2. Unakula. Unaanza tena kichwa cha kulia: la 8, la 7. Mkabala na la 7 kuna kete 4. Unakula tena. Zinaanguka la 8, la 7, la 6 na ya mwisho inaingia nyumbani. Umekula 9.

Ukianzia kushoto: kete zinaanguka la 1, la 2, la 3. Unakula zile 2, zinaanguka la 1 na la 2. Mkabala hakuna kitu, unazoa 2 zilizo kwenye shimo la 2, zinaanguka la 3 na la 4. La 4 lilikuwa tupu. Umelala. Umekula 5 tu.

Kete ni ileile na shimo ni lilelile. Tofauti ni upande ulioanzia, na zile kete 4 ulizomwachia ndizo atakazokulia zamu ijayo. Ndiyo maana mchezaji mzuri unamwona ametulia na kete mkononi, macho yanatembea. Anasambaza kichwani kabla hajasambaza kwenye ubao.

Nyumba: ulale au usafiri?

Hapa ndipo mabao mengi yanapopotea. Nyumba yenye kete 6 au zaidi ina heshima yake wakati wa kunamua. Ukiwa kwenye zamu ya kula, kete ya mwisho ikaingia nyumbani na mkabala hakuna cha kula, unaruhusiwa kulala hapo na kuacha nyumba izidi kunenepa. Au unazizoa zote na kusafiri.

Rudi kwenye mfano. Nyumba sasa ina kete 9. Ukisafiri kuelekea kushoto, kete 4 zitaanguka mbele na 5 zitaingia safu ya nyuma. Ya mwisho itaangukia shimo lililo nyuma ya nyumba yako kabisa. Kama shimo hilo lina kete, safari inaendelea. Kama ni tupu, umelala, na nyumba imevunjika.

Usisafiri kwa sababu tu inaruhusiwa. Jiulize mambo mawili. Je, safari inakufikisha kwenye kula tena? Na je, ukilala, mpinzani anaweza kuifikia nyumba zamu ijayo? Kama anaweza, safiri hata kama hupati kitu, maana nyumba ikiliwa unampa mwenzako kete zote kwa mkupuo. Kama hawezi, lala na ongeza akiba.

Makosa matano ya kurekebisha

1. Kujipanga mkabala bila sababu. Mpinzani hanamui kwenye shimo tupu. Kete zako zikitazamana na mashimo yake matupu, hawezi kuzila kwa kunamua moja kwa moja. Itabidi azifikie kwa mzunguko. Kabla ya kuachia mkono, angalia unatazamana na nani.

2. Kusahau kimbi. Wanaoanza huhesabu kana kwamba wana hiari ya kichwa kila wakati. Ukikulia shimo la 1, 2, 7 au 8, upande umeshaamuliwa.

3. Kung'ang'ania nyumba. Nyumba ya kete 14 inapendeza macho, lakini mpinzani naye anaiona. Akiba isiyo na mpango wa kutoka ni zawadi kwa mwenzako.

4. Kujaza ghala, kukausha mbele. Safu ya nyuma ni salama, ndiyo. Lakini safu ya mbele ikibaki tupu umefungwa, hata kama nyuma una kete 20.

5. Kutohesabu mkononi. Kila mtu ana namu 22. Ukijua mwenzako amebakiza ngapi, unajua lini mchezo utabadilika.

Kete za mkononi zikiisha

Hapo inaanza hatua ya mtaji. Huingizi kete mpya tena. Unachagua shimo lako lenye kete 2 au zaidi, mbele au nyuma, unasambaza, na ya mwisho ikikutana na cha kula unakula. Shimo lenye kete 16 na kuendelea haliwezi kuanzisha kula.

Sasa ghala linaonyesha thamani yake. Kete zilizolala nyuma muda wote zinaamka. Aliyejaza shimo la nyuma kwa idadi inayofikia shimo sahihi la mbele anavuna. Aliyerundika ovyo anagundua kete zake zinapita mbali au zinaishia njiani.

Nani ameshinda?

Unashinda mpinzani akibaki bila kete hata moja safu ya mbele, au akiwa hana namna ya kucheza kwa sababu mashimo yake yamebaki na kete moja moja. Kinachouma zaidi ni kufungwa mkononi, yaani safu ya mbele inakauka wakati bado umeshika namu. Kijiweni hilo husikii mwisho wake. Utakumbushwa hadi wiki ijayo.

Upande wa pili wa ziwa

Bao lina ndugu wengi. Wasukuma wana isolo. Waganda, kaskazini mwa ziwa, wana omweso, nao una mashimo 32 na kete 64. Lakini angalia usije ukavuka na mbinu za huku: kwenye omweso, mashimo mawili ya mpinzani yaliyo kwenye mstari mmoja yakiwa na kete, unakula ya mbele na ya nyuma pamoja. Ghala la omweso halina usalama wa ghala la bao.

Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama mkoani Mara, alijulikana kwa kupenda bao. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt naye alitoa kitabu mwaka 1995 kuhusu ubingwa wa bao, akichunguza jinsi mabingwa wanavyohesabu mizunguko mirefu kichwani.

Pa kuanzia

Usianze na nyumba. Anza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo lina kete 2 na hakuna za mkononi. Likishakaa, hamia kwenye kunamua.

Ubao hauhitaji fedha. Mashimo 32 ardhini na mbegu au vijiwe 64 vinatosha. Programu za bao kwenye simu zipo, ila hakikisha ina safu nne na nyumba, maana nyingi ni za mchezo wa safu mbili.

Kisha nenda kijiweni. Salimia, shikamoo kwanza, kaa pembeni na utazame mabao mawili matatu kabla ya kuomba nafasi. Uliza sheria za pale, kwa sababu mambo madogo hutofautiana kijiwe na kijiwe. Utafungwa siku ya kwanza, na pengine ya pili. Ukifungwa, mwombe mzee arudishe kete zilipokuwa na akuonyeshe ulipokosea. Wengi hufanya hivyo kwa furaha, maana wanatafuta mtu wa kucheza naye.