Kenny Dalglish, kocha aliyejiweka benchi

Shabiki wa Liverpool aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 anamjua Kenny Dalglish kwa sura moja tu: mzee wa Kiskoti mwenye mvi, anayetafutwa na kamera jukwaani timu ikifunga. Tangu 2017 jukwaa moja la Anfield lina jina lake, na mwaka uliofuata Uingereza ikampa heshima ya kuitwa Sir. Wazee wa soka watakuongezea kwamba aliwahi kuvaa jezi namba 7. Lisilosemwa sana ni kwamba kwa miaka mitano alibeba kazi mbili kwa mpigo katika klabu kubwa kuliko zote Uingereza wakati huo. Alikuwa anapanga kikosi cha Jumamosi, na jina lake mwenyewe lilikuwa miongoni mwa majina ya kuchagua.

Dalglish alizaliwa Glasgow tarehe 4 Machi 1951, akakulia katika nyumba ya mashabiki wa Rangers. Celtic ndiyo iliyomfuata. Simulizi yake maarufu ni kwamba msaidizi wa Jock Stein, kocha wa Celtic, alipobisha hodi kuja kumsajili, kijana alikimbilia chumbani kung'oa picha za wachezaji wa Rangers ukutani. Stein ndiye aliyemlea. Miaka kumi baadaye, Agosti 1977, Kevin Keegan alikuwa amekwenda Hamburg, na Liverpool wakalipa pauni 440,000 kumleta Dalglish azibe pengo lake. Klabu mbili za Britania zilikuwa hazijawahi kuuziana mchezaji kwa bei kubwa kiasi hicho. Msimu huohuo wa kwanza, fainali ya Kombe la Ulaya pale Wembley dhidi ya Club Brugge, alimwona kipa ameshaanza kwenda chini, akaunyanyua mpira juu yake taratibu. Bao 1-0, kombe limebaki Anfield.

Hakuwa na mbio. Alikuwa na makalio mapana ya kumkinga beki, na kichwa kilichoona pasi kabla mpira haujamfikia. Mchezaji wa namna hiyo umri haumtupi mapema, na mimi naamini ndiyo sababu viongozi wa Liverpool walimwona kocha ndani yake wakati bado anavaa njumu.

Joe Fagan, kocha wa Liverpool, alikuwa ameamua kustaafu baada ya fainali ya Kombe la Ulaya ya 1985, naye Dalglish alikuwa ameshakubali kumrithi. Fainali hiyo ilichezwa tarehe 29 Mei katika uwanja wa Heysel, Brussels. Kabla ya mechi kuanza mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, watu wakabanwa, ukuta ukaanguka, na wakafa 39, wengi wao Waitalia. Mechi ikachezwa hivyohivyo, Dalglish akiwa uwanjani, na Juventus wakashinda 1-0. Siku iliyofuata, mjini Liverpool, waandishi wa habari wakatambulishwa kwa kocha mchezaji mpya, mwenye umri wa miaka 34, ambaye hakuwahi kufundisha timu yoyote.

Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo mambo hayakuwa mepesi. Waliokuwa wenzake jana leo wanatakiwa kumwita bosi. Phil Neal, nahodha na mkongwe wa klabu, aliitaka kazi hiyohiyo. Dalglish akampa unahodha Alan Hansen, rafiki yake wa karibu, na kufikia Desemba Neal alikuwa amekwenda Bolton, naye akiwa kocha mchezaji. Kumpandisha rafiki na kumvua mkongwe ni uamuzi unaoweza kuvunja timu. Haukuivunja, kwa sababu nyuma ya Dalglish kulikuwa na ukuta. Bob Paisley, aliyeipa klabu makombe matatu ya Ulaya, alikubali kuwa mshauri wake. Ronnie Moran na Roy Evans walibaki na mazoezi. Kile chumba kidogo cha viatu pale Anfield, walikokaa makocha kuzungumza baada ya mechi, kiliendelea kuwa na watu walewale. Kijana alipewa nyumba ambayo tayari imesimama, na wanaosema alijifunza kazi peke yake wanamsahau Paisley.

Uamuzi ulioonyesha ukocha wake ulihusu jina lake mwenyewe. Ligi ya Uingereza wakati huo iliruhusu mchezaji mmoja tu wa akiba. Kocha aliandika majina 12, basi. Akijiandika namba 12, amemnyima mtu nafasi pekee iliyobaki. Akijianzisha, amemweka nje mshambuliaji ambaye kesho mazoezini lazima amtazame usoni. Dalglish alimpa mshambuliaji Paul Walsh nafasi na sehemu kubwa ya msimu akakaa pembeni. Ungedhani mtu aliyezoea kushangiliwa angejitafutia visingizio vya kucheza. Hakufanya hivyo, na ndipo ninapomvulia kofia kuliko kwa lile bao la Wembley.

Februari 1986 Everton walikuja Anfield wakashinda 2-0, na wengi wakaona ubingwa umeshakwenda kwa watani. Walsh naye alikuwa ameumia. Dalglish akarudi uwanjani, na katika mechi 12 za mwisho za ligi Liverpool wakashinda 11 na kutoka sare moja. Tarehe 3 Mei, Stamford Bridge, walihitaji ushindi dhidi ya Chelsea ili wawe mabingwa. Dakika ya 23 Jim Beglin aliudokoa mpira kuingia upande wa kulia wa eneo la hatari. Dalglish akautuliza kifuani, akaupiga kabla haujagusa chini, ukapita kando ya kipa. Kocha ndiye aliyefunga bao la ubingwa. Wiki moja baadaye, fainali ya Kombe la FA, Everton walitangulia kwa bao la Gary Lineker, kisha Ian Rush akafunga mawili na Craig Johnston moja. Golini alikuwa Bruce Grobbelaar, Mzimbabwe. Mataji mawili makubwa ya nchi katika msimu mmoja, kitu ambacho makocha waliotangulia, Bill Shankly na Paisley, hawakukipata, kimeletwa na kocha wa mwaka wa kwanza.

Rush alipokwenda Juventus mwaka 1987, Dalglish alijenga timu upya: John Aldridge kutoka Oxford, John Barnes kutoka Watford, Peter Beardsley kutoka Newcastle kwa pauni milioni 1.9. Msimu wa 1987-88 walicheza mechi 29 za ligi bila kupoteza tangu ufunguzi, wakamaliza wakiwa wamefungwa mbili tu kati ya 40. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa karibu ameacha kucheza. Kwa maoni yangu ile ndiyo timu tamu kuliko zote zilizovaa nyekundu. Bahati mbaya Ulaya haikuionja, kwa kuwa klabu za Uingereza zilikuwa zimefungiwa baada ya Heysel.

Kisha ikaja tarehe 15 Aprili 1989, nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest, uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Msongamano nyuma ya goli uliua watu ambao leo wanahesabiwa 97. Siku hiyo Dalglish aliombwa azungumze na mashabiki kwa kipaza sauti awatulize. Siku zilizofuata Anfield ilifunguliwa kwa waombolezaji, maua yakafunika uwanja, na yeye akawa anatoka msiba huu kwenda ule. Siku moja alihudhuria mazishi manne. Kumbuka huyu ni mtu aliyekuwepo uwanja wa Ibrox, Glasgow, tarehe 2 Januari 1971, akiwa kijana wa Celtic, walipokufa mashabiki 66, na aliyekuwepo Heysel. Majanga matatu katika maisha ya mtu mmoja wa mpira.

Polisi na baadhi ya magazeti waliwatupia lawama mashabiki. Familia zilipigania ukweli hadi Aprili 2016, baraza la mahakama lilipotamka kwamba waliokufa waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Dalglish alisimama nao muda wote. Wenyeji wa jiji lile wanapomwita mfalme, nadhani wanafikiria misiba ile zaidi ya mabao.

Mwili ulidai deni lake. Aprili 1990 alitwaa ubingwa wa tatu akiwa kocha, na tarehe 1 Mei, dhidi ya Derby, akiwa na miaka 39, alijiingiza uwanjani kwa mara ya mwisho. Februari iliyofuata Liverpool walitoka sare ya 4-4 na Everton katika marudiano ya Kombe la FA. Waliongoza mara nne, wakasawazishiwa mara nne. Dalglish ameeleza mwenyewe kwamba aliona kabisa badiliko la kufanya nyuma, lakini hakuweza kuamua. Siku mbili baadaye alijiuzulu, timu ikiwa kileleni mwa ligi.

Waliodhani amekwisha walikosea. Miezi minane baadaye tajiri wa chuma Jack Walker alimpeleka Blackburn Rovers, timu ya daraja la pili. Akaipandisha, akamsajili Alan Shearer kwa pauni milioni 3.6, na mwaka 1995 Blackburn wakatwaa ubingwa wao wa kwanza tangu 1914, kwa tofauti ya pointi moja. Siku hiyo walifungwa 2-1, tena Anfield, lakini Manchester United walitoka sare na West Ham, na mashabiki wa nyumbani wakamshangilia kocha wa wageni. Ni makocha wanne tu waliowahi kuchukua ubingwa wa Uingereza na klabu mbili tofauti, naye ni mmoja wao. Kazi ya Newcastle haikumwendea vizuri. Aliporudi Liverpool kati ya 2011 na 2012 aliondoka na Kombe la Ligi tu, kisha akafutwa kazi.

Kocha mchezaji leo ni kitu cha kumbukumbu. Ruud Gullit na Gianluca Vialli waliifanya kazi hiyo Chelsea miaka ya 1990 na wakapata makombe, ila si ubingwa wa ligi. Sasa kuna leseni za juu za UEFA za kusomea miaka, vikosi vya watu 25, mechi kila baada ya siku tatu na kamera kila upande. Hakuna mtu wa kuyabeba hayo huku akifanya mazoezi ya kucheza. Uingereza imebaki na mmoja tu aliyetwaa ubingwa wa ligi kuu akiwa kocha na mchezaji kwa pamoja.