Ngozi Haitoshi Kuwa Ushahidi: Fedha, Zebaki na Soko la Kanda ya Ziwa

Anayekunywa fedha ya koloidi, yaani chembe ndogo sana za madini ya fedha zilizoelea majini na kuuzwa kama kirutubisho cha kinga, anaweza kukaa miezi asione badiliko lolote. Madini hupenya utumbo, huingia kwenye damu, kisha hutua ndani ya ngozi, hasa kuzunguka tezi za jasho. Jua likiyafikia hubadilika rangi kama katika filamu ya picha, na uso na mikono hugeuka kijivu chenye ubluu. Hali hiyo, ajiria, haina dawa. Leza imewapunguzia baadhi ya wagonjwa rangi hiyo. Marekani ilitamka mwaka 1999 kwamba dawa za fedha ya koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala kuwa na manufaa. Korona ilipoingia mwaka 2020, wauzaji walizinadi upya, wakaonywa.

Maelezo ya vitabuni yalitokana zaidi na ngozi nyeupe. Kwa mvuvi wa Busisi, kando ya Ziwa Victoria, anayeshinda juani, kijivu hicho kinaweza kupotea ndani ya weusi wake. Tabibu hana budi kutazama mizizi ya kucha, ufizi na weupe wa jicho.

Hata hivyo fedha walau humtia mtu wasiwasi akijitazama kwenye kioo. Zebaki iliyomo katika sabuni na krimu za kujichubua hufanya kinyume chake: huzuia kimeng'enya kinachotengeneza melanini, rangi ya asili ya ngozi, nayo ngozi ikang'aa, na mtumiaji akaona amepata alichokilipia. Dalili ya sumu ndiyo anayoishika kama uthibitisho kuwa sabuni inafanya kazi. Figo huumia kimyakimya. Jijini Nairobi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 ulikuta kuwa kati ya watu wazima 60 wenye nefrosisi, ugonjwa wa figo, 32 walikuwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki.

Kanda ya Ziwa zebaki huhusishwa na machimbo ya dhahabu. Ndivyo walivyoanza pia Masazumi Harada, daktari aliyeutafiti kwa miaka mingi ugonjwa wa Minamata unaoletwa na sumu ya zebaki, na wenzake walipopima nywele za wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Matokeo yao ya mwaka 1999 yalionyesha kuwa baadhi ya viwango vya juu vilitokana na sabuni.

Wanaosema elimu kwa mtumiaji inatosha siwaungi mkono. Elimu humtaka mtu aamini onyo kuliko macho yake, na katika mkorogo, yaani vipodozi vya kujichubua, macho yake yanamwambia mambo ni mazuri. Kusubiri malalamiko ni kusubiri figo zichoke. Bidhaa ndiyo ipimwe, kabla ya ngozi. Mkutano wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki uliofanyika Geneva mwaka 2023 ulifuta hata kile kiwango cha sehemu moja kwa milioni kilichokuwa kikiruhusiwa katika vipodozi, lakini katazo halikagui mzigo. Na mzigo sasa hupita haraka: tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi linavusha kwa dakika chache shehena iliyokuwa ikisubiri kivuko. Hata hivyo ukaguzi unawezekana: kifaa cha mkononi cha mionzi ya eksi husoma zebaki ndani ya kipande cha sabuni bila kukiharibu, na kinaweza kutumika mnadani, dukani, hata kando ya barabara ya Geita.