Nambari inapofurika: Jinsi ya kurekebisha hitilafu inayovuruga hifadhidata

HUTOKEA mwenye biashara akafungua orodha ya wateja wake kwenye kompyuta na kukumbana na jambo la kushangaza: watu mia moja wenye majina tofauti, kutoka miji tofauti, wote wameandikishwa nambari moja ya simu, 2147483647.

Huo si wizi wala mzaha wa karani. Ni dalili ya hitilafu ambayo huitwa kufurika kwa nambari kamili, na ambayo kwa miaka mingi imevuruga hesabu za kampuni kubwa na ndogo.

Nambari kamili ni ile isiyo na sehemu wala desimali, kama vile idadi ya watu, magunia au risiti. Mtayarishaji programu anapounda jedwali la hifadhidata, hulazimika kutangaza mapema ukubwa wa nafasi ambayo kila safu itatengewa.

Nafasi hiyo hupimwa kwa biti. Aina inayotumiwa sana, ambayo katika lugha ya SQL huandikwa INT, ina biti 32. Kwa kuwa nusu ya nafasi hiyo hutengewa nambari hasi, kiwango cha juu inachoweza kubeba ni 2,147,483,647. Aina ndogo zaidi, SMALLINT, ina biti 16 na hukomea 32,767.

Kujaribu kuhifadhi nambari inayozidi hapo ni sawa na kumimina maharagwe ya madebe mawili ndani ya debe moja. Tofauti ni kwamba maharagwe yakimwagika kila mtu huona, ilhali nambari yaweza kumwagika kimyakimya.

Kelele au kimya

Mifumo ya hifadhidata haichukui hatua sawa nafasi inapojaa. PostgreSQL na SQL Server hukataa nambari hiyo na kutoa ujumbe wa kosa. MySQL nayo, iwapo masharti yake makali hayajawashwa, huikata nambari hadi kiwango cha juu, ikatoa onyo dogo na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna lililotendeka.

Hapo ndipo linapotoka fumbo la nambari za simu. Nambari ya Kenya inayoanza kwa 254 na kufuatwa na tarakimu tisa huwa na tarakimu 12, yaani zaidi ya bilioni 254. Haiwezi kamwe kuenea katika biti 32. Kila mteja anayeandikishwa hubadilishiwa nambari yake kuwa ile ile ya mwisho.

Uchungu wa jambo hili ni kwamba nambari halisi haikuhifadhiwa popote katika jedwali hilo. Hata safu ikipanuliwa baadaye, kilichopotea hakirudi. Mwenye biashara atalazimika kurejelea fomu za karatasi, ikiwa bado anazo.

Tangu toleo la 5.7 la mwaka wa 2015, MySQL huwa na masharti makali tangu mwanzo. Hata hivyo, kuna watayarishaji ambao huyazima ili kuepuka ujumbe wa makosa. Kufanya hivyo ni sawa na kung'oa king'ora kwa sababu kinalia usiku.

Lugha za programu pia zina tabia zake. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua magunia 5,000 ya sukari kwa Sh6,000 kila gunia. Gharama ni Sh30 milioni, yaani senti bilioni tatu. Programu ya Java inayofanya hesabu hiyo kwa senti katika biti 32 itatoa jibu la -1,294,967,296, bila kulalamika. Mnunuzi ataonekana kama anayedai badala ya kudaiwa.

Kwa hakika, mfumo wowote unaohifadhi pesa kwa senti ndani ya INT hauwezi kupita Sh21,474,836.47. Kiasi hicho ni kikubwa kwa kioski, lakini ni kidogo kwa chama cha ushirika kinachowalipa wakulima maelfu.

Yaliyowapata wengine

Wakati wa Krismasi ya mwaka wa 2004, shirika la ndege la Comair nchini Marekani lililazimika kufuta safari zaidi ya 1,000. Dhoruba ya theluji ilikuwa imesababisha mabadiliko mengi ya ratiba za wahudumu, na mfumo wa kupanga ratiba hizo haukuweza kuhesabu mabadiliko yanayozidi 32,768 kwa mwezi. Ulipofika hapo, ulizimika.

Novemba 8, 2018, kampuni ya Basecamp, pia ya Marekani, ilipatwa na mkasa wa aina hiyo. Jedwali lake la kunakili matukio lilifikisha safu mlalo nambari 2,147,483,647 na likakataa kuongeza nyingine. Kwa karibu saa tano, wateja waliweza kusoma kazi zao lakini hawakuweza kuandika lolote jipya.

Cha kusikitisha ni kwamba dawa ilikuwepo. Ruby on Rails, mfumo wa kuundia programu ulioanzishwa na mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo hiyo, ulikuwa umeanza kutumia biti 64 kwa majedwali mapya tangu mwaka wa 2017. Majedwali ya zamani ndiyo yaliyosahaulika.

Namna ya kurekebisha

Hatua ya kwanza ni kutambua mahali hasa ambapo nambari inafurika. Kuna sehemu tatu za kuchunguza: safu inayohifadhi, hesabu inayofanywa ndani ya hifadhidata, na kigezo kinachopokea jibu katika programu. Kutengeneza moja na kuziacha nyingine ni kuhamisha tatizo tu.

Ikiwa safu ndiyo ndogo, hubadilishwa kuwa BIGINT, yenye biti 64. Aina hii hufika 9,223,372,036,854,775,807. Jedwali linaloongezewa safu mlalo milioni moja kila sekunde lingechukua zaidi ya miaka 290,000 kuijaza. Gharama yake ni baiti nne zaidi kwa kila safu mlalo, yaani takriban gigabaiti nne kwa safu mlalo bilioni moja.

Ikiwa kosa liko katika hesabu, mahali pa kufanyia mabadiliko ni muhimu mno. Katika SQL Server, jumla ya safu ya INT huwa pia ni INT. Anayeandika CAST(SUM(kiasi) AS BIGINT) amechelewa, kwani jumla hufurika kabla ya kupanuliwa. Njia sahihi ni SUM(CAST(kiasi AS BIGINT)), ambapo kila kiasi hupanuliwa kwanza, kisha hujumlishwa.

Kanuni hiyo hutumika hata nje ya hifadhidata. Kuzidisha nambari mbili za biti 32 kisha kuweka jibu katika nafasi ya biti 64 hakusaidii. Mojawapo ya nambari hizo sharti ipanuliwe kabla ya kuzidisha. Aidha, tangu Java 8 ya mwaka wa 2014, kuna amri kama Math.multiplyExact ambazo husimamisha kazi badala ya kutoa jibu la uongo.

Nambari za simu, za vitambulisho na za akaunti hazifai kuhifadhiwa kama nambari kamili hata kidogo. Hakuna anayezijumlisha wala kuzizidisha. Zinapaswa kuwekwa kama maandishi, la sivyo hata sifuri ya mwanzo katika 07 hupotea.

Jedwali kubwa lahitaji subira

Kubadilisha safu katika jedwali dogo ni kazi ya dakika moja. Katika jedwali la mamilioni ya safu mlalo, amri hiyo yaweza kulifunga jedwali zima huku likiandikwa upya, na shughuli zote zikasimama kwa saa kadhaa.

Kwa sababu hiyo, mafundi wenye uzoefu huongeza safu mpya ya BIGINT kando ya ile ya zamani, kisha huweka kichocheo kinachoandika kila ingizo jipya katika safu zote mbili. Data ya zamani hunakiliwa kidogo kidogo, na mwishowe majina ya safu hubadilishwa kwa muda mfupi sana.

Majedwali mengine yanayorejelea safu hiyo hayana budi kubadilishwa pia. Katika PostgreSQL, kuanzia toleo la 10, hata kihesabu kinachotoa nambari mpya huwa na kikomo chake, nacho hupanuliwa kwa amri yake yenyewe.

Iwapo nambari zimekwisha na wateja wanangoja, wapo wanaokirudisha kihesabu hadi -2,147,483,648 na kuanza kupanda kutoka upande wa hasi. Hilo hununua muda ikiwa programu haikatai nambari hasi, lakini ni bendeji tu, si tiba.

Kabla maji hayajamwagika

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Hesabu fupi inatosha: jedwali la INT linalopokea safu mlalo milioni moja kila siku hujaa kabla ya miaka sita kupita. Likipokea milioni tano, hujaa kwa takriban miezi 14. Anayejua kasi ya mfumo wake anaweza kutaja mwezi ambao utakwama.

Msimamizi wa hifadhidata anashauriwa kuweka onyo linalolia kila safu inapofikia nusu ya uwezo wake, na kujaribu programu kwa nambari zilizo karibu na kikomo kabla ya kuikabidhi kwa mwenyewe.

Tarehe moja inafahamika tayari. Mifumo inayohesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970 katika biti 32 itajaa Januari 19, 2038, dakika 14 na sekunde saba baada ya saa kumi na mbili asubuhi saa za Kenya. Programu inayokokotoa malipo ya mkopo wa nyumba wa miaka 20 tayari inaivuka tarehe hiyo leo.

Wahenga walisema kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hifadhidata, ufa huo ni neno moja lililoandikwa siku ya kwanza jedwali lilipoundwa, na ukuta ni orodha ya wateja ambao hakuna tena awezaye kuwapigia simu.